Ukikamatwa bure, nani alipe: askari au serikali?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwaka juzi nilikuwa nanunua mahindi pamoja na mwenzangu mmoja. Akachukua fedha za tajiri fulani, mzigo hakupeleka, akatokomea. Tajiri hakwenda mahakamani kudai, alikwenda polisi. Ijumaa saa 11 jioni askari wawili wakanifuata mimi. Nikawaambia sikusaini popote wala sikushika hata shilingi ya fedha hizo. Nikajibiwa, "Utaeleza mbele."

Mkanda ukavuliwa, kamba za viatu, simu. Nililala selo Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Kila mke wangu alipoleta chakula aliambiwa ndugu wachange, deni lilipwe, nitoke. Jumanne nikaambiwa nenda, tutakuita. Sijaitwa hadi leo. Sikushtakiwa, sikupewa karatasi, hata pole sikuambiwa. Mtaani nilirudi nikiwa "yule aliyekamatwa".

Hoja yangu ni hii: askari anayemkamata mtu bila sababu ya maana alipe yeye mwenyewe, kwa mshahara wake. Serikali ikilipa, inalipa kwa kodi yangu, na yeye kesho anarudi kazini kama kawaida. Karibuni tujadili.

Askari mstaafu

Pole sana kaka, na wala sitetei uliyotendewa. Deni si jinai, na kila askari aliyepita depo anajua. Ila nimevaa magwanda miaka mingi, naomba unisikie. Sheria haimtaki askari awe na uhakika kwamba mtu ni mwizi. Inamtaka awe na sababu za kuridhisha za kushuku. Uhakika ni kazi ya hakimu. Usiku wa manane mama anapiga kelele, anamnyooshea kijana kidole, mimi nina sekunde chache. Nikijua nikikosea nyumba yangu itauzwa, nitageukia upande mwingine, na huyo mama ataumia.

Halafu fikiria na mfuko wenyewe. Konstebo ana nini cha kukulipa? Utashinda kesi, utabaki na hukumu ukutani.

Wakili wa mkoani

Hapa mnachanganya mambo mawili, na watu wengi wamepoteza haki zao kwa kuyachanganya.

Kuna kuzuiliwa isivyo halali, na kuna kushtakiwa kwa hila. La kwanza ni lile lililompata mleta mada: umefungiwa, huna uhuru wa kutoka. Ukithibitisha tu kwamba ulizuiliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa aliyekuzuia, aeleze alikuwa na mamlaka gani kisheria. La pili linaanza pale unapofikishwa mahakamani, na huko mzigo wote ni wako. Hapa Tanzania, kesi ya Jeremiah Kamama ya mwaka 1983 iliweka mambo 5: kwamba ulishtakiwa, kwamba shauri liliisha kwa upande wako, kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki, kwamba aliyekushtaki alikuwa na nia mbaya, na kwamba ulipata madhara. Likikosekana moja, umeshindwa. Ndiyo maana kuachiwa huru peke yake hakukupi fidia. Nimeona wateja wakija na nakala ya hukumu mkononi wakidhani ni hundi.

Sasa njia yenyewe. Zamani ukitaka kuishtaki serikali ulihitaji kwanza ridhaa ya serikali hiyohiyo. Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu hicho mwaka 1993 katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Bunge likaja na notisi ya siku 90. Kwa hiyo leo unaandika notisi, unasubiri, kisha unafungua shauri Mahakama Kuu tu, ukimuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Dereva wa bodaboda aliyekaa selo siku 4 hawezi kwenda mahakama ya wilaya iliyo jirani naye. Hilo ndilo ninalopigania mimi kuliko suala la mshahara wa askari. Muda nao unakwenda: madai ya namna hii kwa kawaida yana miaka 3, lakini upande wa serikali unaweza kudai kitendo kilifanywa kwa mujibu wa sheria, na hapo muda ni mwaka 1. Usikae ukisubiri hasira ipoe.

Na mbona hakuna anayemtaja tajiri? Huyo ndiye aliyeanzisha. Mtu anayepeleka taarifa ya uongo polisi kwa makusudi anaweza kushtakiwa yeye binafsi, bila notisi ya siku 90 na bila Mwanasheria Mkuu. Polisi wamegeuzwa wakusanya madeni kwa sababu anayewatuma hana anachopoteza.

Msomaji wa Mombasa

Huku kwetu Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 49, inasema mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini soma mbele: saa hizo zikiisha nje ya muda wa korti, ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo sababu watu hukamatwa Ijumaa jioni. Wanaokamata wanajua kalenda vizuri sana. Fidia tunaweza kuomba kwa kesi ya haki za kikatiba chini ya Ibara ya 23, na majaji huitoa. Kazi ni kulipwa.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na mzee wangu askari nakushukuru kwa kujibu bila matusi.

Nakubali kwamba askari aliyekosea usiku akimwokoa mtu asiuziwe nyumba. Ila mimi sikukamatwa usiku wala sikunyooshewa kidole na aliyeumizwa. Nilikamatwa baada ya watu kukaa kitini na kuchagua Ijumaa. Sheria yetu nayo inataka anayekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikishindikana apewe dhamana. Makosa mazito kabisa yana utaratibu wake. Langu halikuwa hata kosa.

Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu kidogo. Serikali inilipe yote, haraka, kisha mahakama ikiona askari alijua hana sababu, serikali imkate yeye, na tajiri abebe sehemu yake. Konstebo hana nyumba ya kuuza, sawa, lakini ana cheo, na kupanda cheo kunaandikwa kwenye faili.

Kubambikiwa kesi si jambo ninalolizua. Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na malalamiko ya aina hii yalifikishwa mbele yake. Masheikh wa Uamsho, kundi la kidini la Zanzibar, walikaa rumande miaka kwa kesi ya ugaidi hadi ilipoondolewa Juni 2021, wakarudi nyumbani. Ukiuliza nani aliwalipa miaka ile, kunakuwa kimya.

Wakili, swali langu kwako ni moja. Nilitoka bila karatasi yoyote. Simu yangu iliandikwa kwenye kitabu nilipoingia, na jina langu najua lipo kwenye kitabu cha mahabusu. Nikiomba nakala ya ukurasa ule, wanaruhusiwa kuninyima?

Wakili wa mkoani

Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikunyima, barua ile ndiyo kielelezo chako cha kwanza, na mahakama inaweza kuwaamuru walete kitabu chenyewe. Mke wako naye aandike leo, kwa tarehe, kila siku aliyoleta chakula na nani alizungumza naye. Umesema mwaka juzi; nitafute kabla wiki hii haijaisha.