SD-1, DS-1 au Joyo: pedali ipi kwa gitaa linaloingia moja kwa moja kwenye mikisa?

SoloYaKati:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa pedali moja ya kuanzia (kile kisanduku cha kukanyaga cha kuchafua sauti ya gitaa), ya bei ya chini. Gitaa ni Squier Stratocaster yenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tatu za koili moja. Nyumbani kuna amplifaya ndogo ya transista, wati 15. Kanisani hakuna amplifaya jukwaani, gitaa linachomekwa kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kwa waya wa mita 10 hivi.

Nataka sauti mbili: chafu kidogo ya ridhimu, inayosafika nikipiga polepole, na ya solo inayovuta bila kuchoma masikio. Nimebaki na nne: Boss SD-1, Boss DS-1, Joyo Vintage Overdrive (JF-01) na Joyo American Sound (JF-14). Ipi? Na adapta ya ruta ya volti 12 inafaa, au ninunue nyingine?

KambaSita:
Mkuu, nyumbani na kanisani ni maswali mawili tofauti.

Spika ya gitaa haitoi sauti zote. Ikivuka hezi 5,000 hivi inaporomoka, na kuporomoka huko ndiko kunakofanya distoshani isikike kama gitaa. Spika za kanisani zinapanda hadi karibu hezi 20,000. Distoshani hukata vichwa vya mawimbi, na kila kichwa kinachokatwa kinazaa milio mipya ya juu. Kwenye amplifaya ya gitaa, spika inaimeza. Kwenye mikisa yote inapita, ukasikia nyuki ndani ya kopo. Hapo watu hulaumu pedali, kumbe kilichokosekana ni spika.

SD-1, DS-1 na JF-01 zote zitakupa nyuki hao. JF-14 haitakupa, maana saketi yake inaiga amplifaya ya aina ya Fender pamoja na spika yake (imefuata nyayo za Blonde, pedali ya kampuni ya Tech 21). Katika hizo nne ndiyo pekee inayoweza kwenda kwenye mikisa bila msaada. Anza hivi: Level saa sita, Drive saa nne, Voice saa tano, Low saa tano, Mid saa saba, High saa nne. Nahesabu kwa saa zetu: nobu ikielekea juu kabisa ni saa sita, ikielekea kushoto ni saa tatu, kulia saa tisa. Kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kitasema 12 hapo ninaposema sita, usije ukazungusha nobu yote chini.

Iache JF-14 imewashwa muda wote. Ridhimu unaipata kwa kushusha volyumu ya gitaa hadi 6, solo kwa kuipandisha hadi 10. Volyumu ya Strat ikishushwa hula trebo kidogo, kwa hiyo High ikizidi kuwa hafifu kwenye ridhimu isogeze hadi saa tano, usiguse Mid.

NyuziNaNobu:
Naunga mkono, ila SD-1 isitupwe. Watu huuliza SD-1 au JF-01 kana kwamba ni vitu viwili vya mbali. Ni ndugu. JF-01 ni nakala ya Tube Screamer TS808 ya Ibanez ya 1979, na SD-1 ya 1981 inatumia mpango uleule: dayodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja, hapa ndivyo vinavyokata mawimbi) zimewekwa kwenye mzunguko wa kurudisha wa chipu, na besi chini ya hezi 720 hivi inapunguzwa kabla mawimbi hayajakatwa. Tofauti kubwa iko kwenye dayodi. TS ina mbili, moja kila upande, kwa hiyo inakata juu na chini sawasawa. SD-1 ina tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kwa hiyo upande mmoja unakatwa mapema kuliko mwingine. Ndiyo maana SD-1 inasikika wazi zaidi, na mkono unasikika zaidi ndani ya uchafu.

Kupunguza besi huko ni dawa kwa gitaa lenye pikapu nzito za koili mbili. Kwa Strat ni shida: pikapu ya daraja tayari ni nyembamba, ukiongeza SD-1 yenye Tone juu ya saa saba inakuwa sindano. Tumia pikapu ya shingo au nafasi ya 4 ya swichi ya pikapu (shingo na kati pamoja), Tone saa tano.

Kazi yake bora kwako ni kukaa MBELE ya JF-14. Drive chini kabisa au saa mbili, Level saa tisa, Tone saa tano. Hapo SD-1 haichafui sana yenyewe, inaisukuma JF-14 ichafuke. Ridhimu ni JF-14 peke yake, ukifika solo unakanyaga SD-1. Sauti zako mbili ndizo hizo. Kama mfuko ni wa pedali moja, JF-14 kwanza.

FundiWaya:
Hiyo adapta ya ruta usiichomeke kabisa! Kosa kubwa wala si volti 12.

Pedali zote nne zinataka volti 9 DC, plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1, na HASI iwe katikati. Adapta za ruta na za kamera za CCTV karibu zote zina CHANYA katikati, na plagi inaingia vizuri tu, ndipo mtu anapodanganyika. Nyingi ya pedali hizi zina dayodi ya ulinzi iliyofungwa sambamba na umeme. Ukigeuza hasi na chanya, dayodi inapitisha mkondo wote wa adapta mpaka inaungua. Mara nyingi inakufa kwa kushoti, na kuanzia hapo pedali haiwaki hata kwa adapta sahihi. Ukiletewa pedali iliyokufa ghafla, pima dayodi hiyo kwanza, ni kipuri cha bei ya pipi.

Angalia mchoro kwenye adapta: duara dogo katikati, na alama iliyounganishwa nalo ndiyo ya katikati. Kisha hakikisha kwa mita: ncha nyekundu ndani ya tundu, nyeusi ubavuni, isome -9 na siyo 9. Ampea si tatizo, overdrive ya aina hii haifikishi hata miliampea 20 wakati adapta ya kawaida hutoa 500 au zaidi. Zile adapta nyepesi za simu zilizobadilishwa plagi huleta mluzi mwembamba unaopanda pamoja na Drive.

Betri ya volti 9 haina mvumo na SD-1 inakula kidogo sana. Lakini jeki ya kuingilia ndiyo swichi yake: waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata taa ikiwa imezimwa.

Kitu kingine ambacho hakijatajwa. JF-14 ikizimwa, gitaa linapita kavu kama waya mtupu. Pikapu inataka kuona ukinzani wa ohmu milioni 1, tundu la line la mikisa lina kama ohmu 10,000 tu. Trebo inakufa, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi, na mita 10 za waya zinaongeza ubaya kwa kapasitansi ya pikofaradi 100 hivi kila mita. Boss ikizimwa bado ina bafa (saketi ndogo ya kuyapa mawimbi nguvu) ndani, inasukuma waya mrefu vizuri. Kwa hiyo ama JF-14 isizimwe, au weka boksi la DI (kisanduku cha kulinganisha gitaa na mikisa) lenye umeme wake baada ya pedali.

RidhimuKavu:
Mbona DS-1 imesahaulika? Ipo tangu 1978 na kwa mitumba ndiyo rahisi kuipata.

NyuziNaNobu:
Haijasahaulika, haifai hapo. DS-1 inakata mawimbi kwa dayodi zilizoshikizwa kwenye ardhi ya saketi (upande wa hasi), mkato mkali zaidi, halafu tone yake inachimba shimo katikati, karibu na hezi 500. Chumbani inasikika kubwa. Ndani ya bendi yenye kinanda, besi na ngoma, shimo hilo ndipo gitaa linapoishi, solo inazama. Ukiwa nayo tayari, Dist isizidi saa tano, Tone saa tatu hadi saa nne, na iwe mbele ya amplifaya iliyochafuka kidogo, si safi kabisa.

Mwenye kutaka distoshani ya solo kwa bei ndogo atazame familia ya pedali za RAT, ambayo kampuni ya ProCo iliibuni nayo 1978. Mooer Black Secret ni nakala ndogo yake, ina swichi ya Vintage na Turbo. Filter yake inakwenda kinyume: ukizungusha kulia trebo INAPUNGUA. Wengi huipandisha wakitafuta ukali, wakaishia kusema pedali ni mbovu. Ila nayo ukiipeleka kwenye mikisa peke yake, nyuki ni walewale.

SoloYaKati:
Asanteni sana. Nimepata SD-1 iliyotumika kwa bei nzuri, JF-14 itabidi isubiri kidogo. Kwa sasa nifanyeje kanisani nipunguze hao nyuki? Na niikague vipi kabla ya kulipa?

KambaSita:
Ongea na fundi mitambo kabla ya ibada. Mikisa ya dijitali: kwenye chaneli yako aweke kichujio cha kukata juu kwenye hezi 5,000. Mikisa ndogo ya analogi haina kichujio hicho, nobu ya High kwa kawaida inashika hezi 12,000 tu, basi ashushe High kabisa na Mid ashushe hadi saa nne. Wewe Drive saa tatu, Tone saa nne, pikapu ya shingo. Haitakuwa tamu, ila itavumilika. Solo ndefu za Drive kubwa ziweke kiporo mpaka JF-14 ifike.

FundiWaya:
Kukagua: nenda na gitaa lako, betri mpya na waya unaouamini. Washa na zima mara 20, isikose hata mara moja. Zungusha kila nobu polepole mwanzo mpaka mwisho. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, spreyi ya kusafisha nobu inaondoa, lakini sauti ikikatika mahali fulani nobu imekwisha. Tikisa waya kwenye jeki zote mbili. Nati ikiwa imelegea, usiikaze huku jeki inazunguka ndani, waya wa ndani utakatika. Fungua chini, shika jeki kwa vidole, ndipo ukaze. Mwisho chomeka adapta ya volti 9 na utikise tundu lake, maana kwa Boss iliyotumika sana hapo ndipo solda hupasuka kwanza.

Mvumo ukiwa mkubwa Drive ikipanda, hamia nafasi ya 2 au 4 kabla ya kuikataa pedali. Ukipotea hapo, ni koili moja za Strat zinazonasa hezi 50 za umeme wa ukutani, muuzaji hana kosa.