Hewa chafu ya barabarani inaua mtu mzima asiye na pumu?

Mama Wawili: Wakuu habari zenu. Nimepanga nyumba jirani na barabara ya malori hapa Dar, kila asubuhi nikifuta meza kitambaa kinatoka cheusi. Nasikia ukiishi hivi miaka mingi unawahi kufa, ila humu ndani hakuna anayekohoa wala mwenye pumu, sasa inatuuaje?

Mzee wa Uwanda: Dada, hayo masizi ya mezani yana nafuu, mengi yanakwama puani. Hatari ni chembe usizoziona, wanaziita PM2.5, unywele mmoja umezizidi upana kama mara 30, zinashuka mpaka mwisho wa mapafu na zingine zinaingia kwenye damu, ndo maana wengi zinawamaliza kwa moyo na kiharusi, mtu hajakohoa hata siku moja. Watafiti wa Harvard walifuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 kwenye miji sita ya Marekani, miaka 14 mpaka 16, majibu yakatoka 1993. Steubenville, mji wa viwanda vya chuma kule Ohio, vifo vilizidi kwa 26% vya Portage, Wisconsin, mji wenye hewa safi kuliko mingine kwenye hiyo sita, na hapo washaweka pembeni tofauti za umri, sigara na uzito.

Kijana wa Tabata: Mkuu fafanua hiyo 26% asije akashindwa kulala. Maana yake Portage wakifa 100, Steubenville kwa watu wa aina ileile na muda uleule wanakufa kama 126. Siyo kwamba robo ya mji inakufa kwa moshi.

Mama Wawili: Asanteni, sasa nifanyeje na kuhama sina uwezo?

Mzee wa Uwanda: Unapikia nini? Maana WHO wanasema moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020, wa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Ukiweza gesi weka gesi, huwezi basi jiko litoke nje uwani, na takataka za plastiki msichome karibu na nyumba hata kama majirani wote wanachoma. Madirisha ya upande wa barabara funga saa za foleni, fungua ya nyuma. Na usione umeshachelewa dada, walivyorudi kwenye ile miji sita, majibu ya 2006 yalionyesha hewa ilivyopungua uchafu na vifo vikapungua.

Kijana wa Tabata: Naongezea, barakoa ya kitambaa haizuii vizuri hizo chembe, hela yake weka kwenye mtungi.