Mashua kutoka Lamu mpaka Kilwa mwezi wa nane, tuko sita, inawezekana?

mtoto_wa_makorora
Wakuu habari zenu. Niko na wenzangu, jumla tuko sita, wanne tumesoma pamoja Tanga na wawili ni wa Mombasa, na kwa miaka sasa tumekuwa tunaongelea safari moja ya bahari, sio hii ya kupanda boti ya kwenda Unguja unafika kabla hujamaliza soda, tunataka safari ya tanga kweli. Mpango ni tuanzie Lamu tushuke taratibu, Malindi, Kilifi, Mombasa, Wasini, Tanga, Pangani, Unguja, Mafia kama itawezekana, tumalizie Kilwa. Likizo zetu zimekutana kuanzia mwanzo wa mwezi wa nane mpaka katikati ya wa tisa na tumepata mzee mmoja ana mashua nzuri tu, yuko tayari kwenda na sisi yeye na baharia wake.

Wawili kati yetu tumekulia kwenye ngalawa lakini za kuvulia hapa hapa karibu, wengine wanne wanajua kuogelea basi. Naomba mnisaidie mambo matatu, kwanza huo muda unatosha au tunajidanganya, pili uhamiaji inakuwaje ukivuka mpaka kwa bahari na chombo cha tanga, tatu ni wapi kwenye njia hiyo kuna hatari tusiyoijua. Mtaani kila mtu anasema lake na hela tumeshaanza kuchanga, ndo maana nauliza watu wanaoijua bahari.

foromali
Safari nzuri sana hiyo kijana wangu, lakini mmeipanga kichwa chini miguu juu. Mwezi wa nane ni kusi. Kusi inatoka kusini inakwenda kaskazini, na mkondo wa bahari wa pwani yetu nao unapanda kaskazini mwaka mzima, sasa nyinyi mnataka kutoka Lamu kushuka, yaani upepo usoni na mkondo usoni, mtapiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kutwa nzima, jioni mkiangalia nchi kavu mnauona mnazi ule ule mliouacha asubuhi. Huyo mzee mwenye mashua kama amekubali hiyo njia kwa mwezi huo bila kuwauliza kitu basi muulizeni vizuri amewahi kufika wapi.

Dawa yake ni rahisi. Geuzeni. Anzieni Kilwa, malizieni Lamu. Miji ni ile ile, siku ni zile zile, ila sasa upepo uko mgongoni na mkondo unawasukuma. Wazee wetu hawakuchagua tarehe wakaulazimisha upepo, vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja huku na kaskazi vikarudi na kusi, hata Ibn Battuta alipokuja mwaka 1331 akapita Mombasa akafika Kilwa alifuata mtindo huo huo.

Kuhusu muda, Lamu na Kilwa ukifuata pwani ni kama kilomita 800. Mashua ikiwa na upepo mzuri inakwenda noti nne au tano (maili za bahari kwa saa), ukitembea masaa nane kwa siku ni kilomita 60 hadi 75. Hesabu ya karatasi inakupa kama wiki mbili lakini bahari haifuati karatasi, kuna siku mtakaa bandarini mnaangalia mawimbi tu, kuna siku mmoja anaumwa, kuna siku mji umewakolea hamtaki kuondoka. Wiki sita zinawatosha vizuri kabisa, mradi msikate tiketi ya kurudi mapema. Mtu mwenye tiketi mfukoni ndo anayeanza kumshawishi nahodha atoke wakati hapaswi kutoka.

Na kitu kimoja zaidi, tembeeni mchana tu. Ingieni kwenye mlango wa bandari jua likiwa juu au nyuma yenu ili muone rangi ya maji, fungu la mchanga na mwamba vinaonekana kwa rangi. Ukiingia jioni jua linakupiga machoni huoni kitu. Usiku kuna majarife ya wavuvi yametandazwa kote na karibu na Dar na Kilindini kuna meli kubwa ambazo mashua yenu hawaioni.

mtoto_wa_makorora
Mzee wangu shikamoo, hapa umenifungua kichwa. Hilo la kugeuza hatukuliwaza kabisa, sisi tulikuwa tumekazania kuanzia Lamu kwa sababu kuna mwenzetu ana ndugu pale. Swali la nyongeza, hiyo kusi si ndo ile inayochafua bahari? Maana mama mzazi wa mmoja wetu ameshaanza kulia tangu sasa.

foromali
Marahaba. Huyo mama ana haki yake. Kusi ya mwezi wa sita na wa saba ni kali, na watu wa Unguja hawajasahau MV Skagit ilivyozama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, na ile ilikuwa boti ya injini. Ila kuanzia mwishoni mwa wa nane kusi inaanza kupoa. Kwa hiyo mkifika Kilwa mwanzo wa mwezi msikimbilie kutoka, kaeni, vukeni Kilwa Kisiwani muone ule msikiti mkuu, nendeni Songo Mnara, kitayarisheni chombo. Kitolewe majini kikaguliwe kalafati yote upya (pamba inayozibia kati ya mbao), kipakwe, kamba zote zibadilishwe zilizochoka, tanga liwe na la akiba dogo la siku ya upepo mkali. Chombo kikiwa kinavuja kidogo bandarini kule nje kitavuja sana kwa sababu mbao zinacheza.

dada_wa_forodhani
Mie niongezee kwenye makaratasi maana nimefanya kazi ya kushughulikia vyombo vidogo na nimeona watu wanakwama kwa mambo madogo sana.

Kila mtu awe na pasipoti yake, msitegemee vitambulisho vya taifa. Nyote ni wa Afrika Mashariki kwa hiyo viza hamna, lakini muhuri lazima, na lazima mgonge wa kutoka kabla hamjavuka. Kwa njia yenu ya kupanda, gongeni Tanga mjini muondoke moja kwa moja mpaka Shimoni, pale kuna uhamiaji na forodha. Msije mkatoka Tanga halafu mkaingia kulala kijijini Vanga au Wasini kwanza mkasema tutaripoti kesho, hapo mmeshaingia nchi bila kuripoti na hakuna mtu atakayesikiliza kwamba mlichelewa kwa upepo. Wasini iko mbele ya Shimoni hapo hapo, ripotini kwanza ndo mvuke mkale kaa. Kadi ya homa ya manjano bebeni pia.

Chombo nacho kiwe na usajili na cheti cha ukaguzi ambacho hakijaisha muda. Wanaokitoa huku bara ni TASAC, shirika la uwakala wa meli, Zanzibar ni mamlaka yao ya usafiri baharini, Kenya ni KMA, mamlaka ya bahari ya kule. Na angalieni cheti kimeandikwa chombo cha nini, jahazi au mashua ya mizigo sio chombo cha abiria, mkikutwa sita mmekaa juu na majina yenu hayapo popote mwenye chombo ataingia matatani na safari imeishia hapo. Andikeni orodha ya majina ya wote na namba za pasipoti, tengenezeni nakala nyingi, kila bandari wataiomba.

Halafu Chole kule Mafia ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, na Kisite karibu na Wasini vile vile. Wekeni kwenye bajeti msije mkalaumiana.

mkazi_wa_shela
Asalaam aleikum. Niko Lamu, niwaeleze kipande cha mwisho maana hicho ndicho kinachosumbua watu wanaokuja kutoka kusini.

Mpaka Malindi mtakuwa mnapata mahali pa kujificha kila baada ya kipande kidogo, Mtwapa, Kilifi, Kilifi ndiyo nzuri kabisa mtoni mule ndani ni kirefu na maji yametulia, hata mkikaa siku kadhaa hamtajuta. Baada ya Malindi kuna Ngomeni, mtaona yale majukwaa ya Waitaliano ya San Marco, yaliyokuwa ya kurushia roketi, yamesimama baharini. Kutoka Ngomeni mpaka Lamu ni karibu kilomita 100 za Ghuba ya Ungwana na mahali pa kukimbilia ni pachache mno. Kwenye ramani mtaona Kipini mseme tutalala hapo. Kwa kusi msithubutu. Pale ndipo Mto Tana unapotokea, kuna mchanga mdomoni na mawimbi ya kusi yanavunjika juu ya ule mchanga, wenyeji wenyewe wanaangalia saa ya kuingia. Ngojeni Ngomeni hadi mpate siku nzuri kisha tokeni usiku wa manane mfike Lamu kungali mwanga. Najua mzee hapo juu amesema mchana tu na namuunga mkono njia yote isipokuwa hapa, bora giza liwakute mkiwa nje kwenye maji marefu asubuhi na mapema kuliko jioni mnatafuta mlango.

Kuingia Lamu mnapita kati ya Shela na Ras Kitau. Ingieni maji yakijaa. Maji yakipwa na kusi ikisukuma mawimbi pale nje panakuwa pabaya. Na kabla hamjaondoka Malindi pigeni simu kwa watu wa usalama wa huku muulize hali na taratibu, mambo hubadilika.

Mkifika salama karibuni nyumbani, tutawapikia.

kaskazi_njema
Nawaheshimu wote waliotangulia ila mimi ningewashauri waahirishe mpaka Januari waende na kaskazi kama walivyotaka mwanzo, Lamu kushuka. Kaskazi ni joto, jua, mvua hamna, bahari ya bluu. Flipflopi, lile dau la plastiki taka lililoundwa Lamu, lilishuka Lamu mpaka Unguja kati ya Januari na Februari 2019, hawakuchagua miezi ile kwa bahati.

foromali
Ndugu yangu kaskazi ni upepo mzuri na kwa kushuka ndo wenyewe, sikatai. Lakini usimwambie kijana kwamba ni bahari ya bluu basi. Kaskazi inavuma kwenda kusini na mkondo unakuja kaskazini, vinakutana. Ingia kati ya Pemba na bara siku kaskazi imekaza uone mawimbi yanavyosimama, mafupi na makali, yanaingia chomboni. Kwenye kusi upepo na mkondo vinakwenda njia moja, mawimbi ni marefu lakini yanakubeba. Kama likizo yao ni Januari waende na kaskazi wakishikilia pwani, ndani ya miamba, wasikae katikati ya mkondo. Likizo yao ni mwezi wa nane. Kwa mwezi wa nane ni Kilwa kwenda Lamu.

binti_kilindoni
Njia ya mwanzo huku kwetu naijua, Kilwa Masoko mnalala Songosongo, kesho yake mnaondoka alfajiri mnafika Kilindoni. Angalieni mwezi! Kilindoni maji yakipwa mnapwelewa, chombo kinakaa mchangani mnasubiri, na kwenye bamvua, siku za mwezi mpevu au mwandamo, huku maji yanapanda na kushuka mpaka karibu mita nne kwa hiyo mkifunga nanga bila hesabu mtaamka mmelala ubavu. Toka hapo kisiwa cha Kwale, halafu Dar.

Ila mimi nataka kuongelea nyinyi wenyewe sita, kwa sababu hapa wote wameongelea upepo. Nimesafiri na marafiki kwenye mashua na kilichotuchosha ilikuwa sisi kwa sisi. Kubalianeni mkiwa bado mko nchi kavu kwamba nahodha akisema hatutoki leo hatutoki, hakuna kupiga kura, hata kama watano wanataka. Hela ya chakula akae nayo mmoja. Gawaneni zamu, kupika, kuteka maji ngamani (yanayojikusanya chini ya chombo), kukesha kwenye nanga, maana mkisema tutasaidiana atakayesaidia ni yule yule kila siku na siku ya kumi atalipuka. Na kuna mmoja wenu ataugua bahari, hiyo ni uhakika, wengine inapita baada ya siku mbili tatu na wengine haipiti. Mwambieni mapema kwamba akitaka kushukia Dar au Tanga au Mombasa apande basi ni sawa, hamtamcheka, atawakuta mbele. Mtu akijua anaweza kushuka anavumilia zaidi, nimeliona hilo.

Maji ya kunywa msihesabu chini ya lita tano kwa mtu kwa siku pamoja na ya kupikia, na madumu yawe mengi madogo, sio pipa moja likipasuka mmekwisha. Laifu jaketi za kuvaa, sio za kukalia. Redio ya VHF chaneli 16, ile ya dharura baharini, simu itawaacha bila mtandao mkiwa kati ya Songosongo na Mafia.

mtoto_wa_makorora
Aisee sina cha kusema, nimekopi kila kitu nimewatumia wenzangu kwenye grupu na tumekubaliana jana usiku, tunageuza. Tunakusanyika Kilwa mwanzoni mwa mwezi wa nane, wiki mbili za mwanzo ni kukarabati na kuzoea chombo hapo hapo ndani, tunatoka kusi ikianza kulegea. Yule mzee nimempigia nikamuuliza amewahi kufika wapi, amesema Pangani mpaka Kilwa anaijua kama kiganja chake lakini juu ya Mombasa hajawahi. Sasa tutafute nahodha mwingine tangu Kilwa au inawezekana kuongeza mtu njiani?

foromali
Huyo mzee amejibu ukweli, mshikeni huyo huyo. Mtu anayesema hapa sipajui ndiye wa kwenda naye. Akifika Mombasa chukueni rubani, yaani mtu anayeijua njia ya bahari huko, wa kuwapandisha, ulizeni Bandari ya Kale, vyombo vya Lamu vinafika pale, au Kilifi kwa wavuvi. Mlipeni vizuri na mlipieni nauli ya kurudi kwao, na makubaliano yafanyike mbele ya mzee wenu ili asione ameletewa bosi kwenye chombo chake.

mkazi_wa_shela
Rubani wa kutoka Lamu naweza kuwaulizia hapa, wapo wanaoshuka Mombasa na mizigo wanarudi. Mkifika Tanga nitumie ujumbe inbox uniambie siku mnayotegemea kuingia Mombasa.