Moteti na madrigali zinatofautianaje? Na mbona tenori anavuta noti ndefu hivyo?

SautiYaTatu:
Wakuu habarini. Naimba sauti ya tatu, yaani tenori, kwenye kwaya, mwalimu katuletea nyimbo mbili za miaka ya 1500, moja kasema moteti nyingine madrigali, sasa mimi nikizisikiliza zote naona sauti zinafukuzana tu, huyu anaingia yule anamfuata, tofauti siioni. Halafu kuna misa katusikilizisha, tenori wanavuta noti moja weee mpaka wenzao wamemaliza sentensi nzima. Kuna sababu? Naomba mnieleweshe jamani, nataka niimbe kitu ninachokijua.

Polifonia:
Mkuu anza na maneno kabla ya noti. Moteti ya wakati huo ni maneno ya Kilatini, mengi ya dini. Madrigali ni shairi la Kiitaliano, mapenzi, machozi, kifo, ilianza kushika kasi Italia miaka ya 1530 hivi, na Waingereza wakaidaka mwishoni mwa karne. Sasa sikiliza muziki unavyolifuata neno: shairi likisema kupanda sauti zinapanda, likisema kuhema zinakatika katikati ya neno kama mtu anayehema kweli. Kwenye moteti pia utayakuta hayo lakini madrigali ndo imeyafanya roho yake. Wafaransa nao wana shansoni yao, wimbo wa sauti kadhaa kwa Kifaransa.

Kuhusu tenori, hapo umegusa penyewe. Jina lenyewe linatoka kwenye neno la Kilatini la kushika. Mtunzi alikuwa anachukua wimbo unaojulikana tayari, anampa tenori aushike kwa noti ndefu, halafu sauti zingine anazijenga kuuzunguka, yaani wewe ndo nguzo ya nyumba! Na huo wimbo haukuwa lazima wa kanisani. Kuna mmoja wa Kifaransa unaitwa L'homme armé, unahusu mtu mwenye silaha, watunzi wa zamani waliupenda: Dufay kautungia misa, Josquin misa mbili, Palestrina naye mbili. Moja ya zile za Josquin, kila sehemu ya misa wimbo unaanzia noti ya juu zaidi ya pale ulipoanzia mwanzo, Kyrie chini, Gloria juu kidogo, unapanda hivohivo. Isikilize ukiwa na nota mkononi.

Mtafiti_wa_Nota:
Nakubali ila nirekebishe kidogo, moteti haikuwa ya ibada tu. Dufay alitunga moja kwa ajili ya kuwekwa wakfu kanisa kuu la Florence mwaka 1436, ile ni sherehe ya mji mzima. Na madrigali nazo kuna za kiroho. Mtunzi Lasso mwaka aliofariki, 1594, alimaliza madrigali 20 juu ya machozi ya Mtakatifu Petro, sauti saba, na ya mwisho kabisa ya 21 akaweka moteti ya Kilatini ambayo anayesema ni Kristo mwenyewe. Mimi kila nikifika pale lugha inapobadilika nanyamaza kabisa.

SautiYaTatu:
Asanteni sana wakuu, hiyo ya nguzo imeniingia. Swali moja bado, nimeona picha ya nota za zamani, kila sauti na kitabu chake na hakuna mistari ya kugawa mapigo, walikuwa wanapatanaje?

Polifonia:
Kwa pigo moja la mkono, linashuka linapanda taratibu, wote wanalifuata, na kwa masikio. Huoni sauti ya mwenzako kwenye karatasi kwa hiyo lazima umsikilize. Jaribuni mazoezini, mwalimu awape kila mtu mstari wake peke yake bila mistari ya kugawa, utaona mnaacha kugongelea pigo la kwanza na sentensi inaanza kutiririka yenyewe.

SautiYaTatu:
Jumamosi tuna mazoezi, namwomba tuanze na ile moteti hivohivo.