Majivu ya makaa ya mawe, majivu ya pumba au mfuko wa dukani: kipi kwa nyumba ya Buhongwa?

Mjenzi_Buhongwa: Mwangaluka wakuu. Mwezi ujao naanza msingi Buhongwa, hapa Mwanza, kisha tofali za bloku. Kuna dogo anasoma uhandisi, kanijaza kichwa na zege la hewa ukaa kidogo: unapunguza saruji, unaweka majivu ya makaa ya mawe, mazingira yanapona na mfuko wako unapona. Naona njia tatu. Kuagiza hayo majivu, kuchoma pumba za mpunga mwenyewe (mashine za kukoboa zipo tele Magu na Misungwi), au kununua saruji ya dukani niachane na mbwembwe. Nani kajaribu?

Fundi_Nyegezi: Ya kwanza futa. Majivu yale yanatoka kwenye mitambo mikubwa ya umeme wa makaa ya mawe, na umeme wetu ni wa maji na gesi. Afrika Kusini na India wanayo milima kwa milima, ndiyo maana Wahindi wanayafyatulia tofali. Ukiyaleta kwa lori mpaka Mwanza, sehemu ya moshi uliouokoa unaiacha barabarani.

Kokoto_na_Nondo: Dogo hajakudanganya mkuu, kakueleza nusu. Saruji inachafua hewa mara mbili. Tanuri lake linafika nyuzi joto 1,450 hivi, halafu mawe ya chokaa yenyewe yakiungua yanaachia hewa ukaa. Hiyo ya pili ndiyo kubwa, hata ungepata moto usio na moshi ingebaki palepale. Kwa hiyo dawa ni kupunguza klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji.

Majivu yanaingia hivi: saruji ikikutana na maji inatoa gundi, na inabakiza chokaa. Silika (madini kama ya mchanga) ya kwenye majivu inaila hiyo chokaa na kutengeneza gundi nyingine, ila polepole. Wamarekani waliyatumia kwenye bwawa la Hungry Horse kule Montana, lililokamilika mwaka 1953, kwa sababu zege nene hujipika lenyewe kwa joto na majivu yanalipoza.

Sasa kabla ya kuchoma pumba, soma mfuko, aina ya saruji imeandikwa kwa herufi CEM. CEM I ni klinka asilimia 95 kwenda juu. CEM II/B imeshachanganywa vitu vingine asilimia 21 hadi 35. CEM IV/B ni asilimia 36 hadi 55, na humo mara nyingi ni pozolana, yaani majivu ya volkano. Nyingi za 32.5 tunazonunua (hiyo ni namba ya nguvu ya saruji, 42.5 ina nguvu zaidi) ni za ukoo huo wa zilizochanganywa. Yaani hiyo saruji ya hewa ukaa kidogo umeibeba kwenye bodaboda miaka yote bila kujua.

MamaTofali_Igoma: Haya maneno ningeyapata mapema! Mimi nilichukua majivu bure kwenye tanuri la tofali za kuchoma, wale wanaochomea pumba. Ndoo moja ya majivu kwa ndoo nne za saruji ya 32.5. Mchanganyiko ukawa unakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, kijana wangu anaongeza tu. Wiki ya pili ukishika tofali, pembe inabaki mkononi. Tofali mia mbili nimejazia shimo la taka.

Kokoto_na_Nondo: Pole dada. Ulipigwa mara tatu. Tanuri la tofali lina moto mkali mno. Pumba zikipita nyuzi 700 hivi silika inajifunga kama mchanga, haili tena chokaa. Zikiungua vibaya zikabaki nyeusi, huo ni mkaa, na ndio ulevi wa maji ulioona. Tatu, saruji yako ilikuwa na pozolana tayari. Chokaa imeshaliwa, majivu yako yakakuta sufuria tupu.

Tena Mjenzi piga hesabu. Mpunga kilo 100 unatoa pumba kama kilo 20, nazo zinatoa majivu kama kilo 4. Kubadili asilimia 15 ya mifuko 40 unataka majivu kilo 300, yaani pumba tani moja na nusu, zichomwe kwa moto wa kipimo kisha zisagwe laini kama saruji. Utazisagia wapi, mashine ya unga ya jirani? Mwenye mashine atakufukuza na fimbo.

Mgeita: Huku kwetu marudio ya dhahabu, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, yamelundikana, yanafaa badala ya mchanga?

Fundi_Nyegezi: Yana zebaki, mengine yana sayanaidi. Hapana kabisa mkuu, hiyo ni nyumba ya watoto kulala.

Mzee_wa_Kirumba: Mnanishangaza. Mko Mwanza, mji umekaa juu ya mawe, halafu mnatafuta majivu. Jenga msingi wa mawe, panga vizuri, mawe madogo yazibe mapengo ndipo mchanganyiko wa mchanga na saruji uingie. Anayerusha mawe ovyo na kujaza saruji katikati ndiye anayemaliza mifuko. 42.5 weka kwenye nguzo na linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Mjenzi_Buhongwa: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nimetoka dukani sasa hivi. Mfuko mmoja umeandikwa CEM II/B-L, mwingine CEM IV/B (P). Hiyo L ni nini?

Kokoto_na_Nondo: L ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, P ni pozolana asilia. L kazi yake kubwa ni kujaza nafasi. Kiwanja chako kama kina unyevu chini, msingi chukua ya P, ikikomaa inabana maji vizuri zaidi. Ila inachelewa kushika, usiharakishe kupandisha ukuta. Na usiishie kumwagilia siku tatu tu kama mafundi wetu, fanya 14.

Mzee_wa_Kirumba: Na maji ya kumwagilia siku 14 huko Buhongwa unayo?

Mjenzi_Buhongwa: Bomba ni la mgao mzee. Nimeazima simtank ya shemeji.