Nimezima "virtual memory" sasa Photoshop inajifunga yenyewe, msaada wakuu

dada_steshenari
Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo, natoa kopi, nachapa barua na picha za pasipoti nazisafisha kwenye Photoshop. Laptopu ni ya zamani kidogo, Windows 10, RAM 4GB, diski 500GB ile ya kuzunguka siyo SSD. Ilikuwa nzito, nikakuta video jamaa anasema nenda penye Virtual memory uzime kabisa eti mashine itakuwa nyepesi, nikafuata. Siku mbili za mwanzo niliona kama kweli. Sasa hivi Photoshop ikiwa wazi nikifungua na tabu tano sita za Chrome (ni tabu kweli jamani) inaniandikia memori imeisha, Photoshop inajifunga na kazi ya mteja inapotea huku yeye amesimama hapo ananiangalia. Kinachonichanganya, Task Manager inasema RAM imetumika 70%, sasa imeishaje? Na nikiiwasha nikaweka kubwa kabisa 16GB si itakuwa kama nimenunua RAM?

kijana_wa_kota
Pole dada. Iwashe, chukua RAM yako zidisha mara moja na nusu, yani MB 6144, juu na chini weka hiyo hiyo, kwisha habari.

fundi_solda
Hiyo ya mara moja na nusu ni hesabu ya enzi za mashine za RAM 512MB kijana, haimuui ila siyo sheria.

Dada swali lako la 70% ni zuri, wengi hawalijui. Programu huwa haziombi memori pale tu zinapoitumia, zinabuku kabla. Chukulia basi la mkoani, unaingia unaona viti vitupu unataka kukaa, konda anakwambia hivyo vimeshakatiwa tiketi, abiria watapandia mbele. Windows haikati tiketi ya kiti ambacho haina. Ukiwa na pagefile, yani faili la kwenye diski ambalo ndiyo hiyo virtual memory uliyozima, viti ni RAM jumlisha hilo faili, ukilizima vinabaki vya RAM peke yake, kwa hiyo Photoshop inaambiwa limejaa wakati viti 30% vinaonekana vitupu. Fungua Task Manager, Performance, Memory, uangalie palipoandikwa Committed, nadhani namba mbili za pale, tiketi zilizokatwa na viti vyote, zinakaribia kulingana.

dada_steshenari
Eeh 3.7/3.9! Haya nimeelewa sasa. Narudishaje?

fundi_solda
Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, enta. Nenda Advanced, pale penye Performance bonyeza Settings, halafu Advanced tena, chini kabisa kuna Change. Kisanduku cha juu kabisa kitie tiki, Windows ijipangie yenyewe, na mimi mashine nyingi za wateja naziacha hivyo hivyo. Kama C, ile sehemu ya diski yenye Windows, imebanwa na unataka kupanga mwenyewe, toa tiki, chagua C, Custom size, anza na 4096 mwisho 8192. Halafu riistati.

dada_steshenari
Nimepanga mwenyewe maana C imebaki na 14GB tu. Nimeweka 4096 na 8192, nikabonyeza OK nikariistati, narudi nakuta bado imezimwa 😩

kijana_wa_kota
Hukubonyeza Set. Kuna kakitufe ka Set pembeni, bila hako OK haihifadhi kitu, hata mimi kalishanila jioni nzima.

dada_steshenari
Kumbe! Imekubali, sasa inasoma 5.1/7.9 na Photoshop haijajifunga tangu asubuhi. Ila uzito uko palepale, nikitoka Photoshop kwenda Chrome taa ya diski inawaka mfululizo. Nihamishie pagefile kwenye D?

fundi_solda
D yako si ndiyo diski ile ile imekatwa vipande viwili? Basi hautapata kitu, kile kichwa cha kusomea ni kimoja, kitakuwa kinakimbia huku na huku zaidi. Na hiyo 16GB yako ya juu ndo jibu lake hili hapa, RAM inajibu ndani ya nanosekunde kama mia hivi, diski ya kuzunguka inachukua milisekunde kama kumi, hiyo ni kama mara laki moja. Pagefile inazuia programu zisife, kasi haileti. Ni kama zile simu wanaandika 8GB+8GB kwenye boksi, ile ya pili ni storeji tu.

Mimi kwa hela ya kwanza ningeanza na SSD, mashine yote utaiona imebadilika na pagefile ikiwa humo haitaumiza hivyo. Ya pili RAM ufike 8GB. Mpaka hapo funga Chrome ukiwa na picha.

mtu_wa_spea
Kwenye RAM usikurupuke, chomoa iliyopo usome stika. Ikiwa imeandikwa PC3L ni ya volti 1.35, ukinunua PC3 tupu ya 1.5 laptopu nyingi haziwaki kabisa, na muuzaji akishakupa risiti ndo imetoka hiyo. Nenda nayo mkononi, mwambie akuchomekee pale pale uone inasoma 8GB ndo ulipe.

dada_steshenari
Nimeipiga picha, ni PC3L. Jumamosi naenda nayo.