Naomba ushauri: niache ajira nikasomee utafiti wa saratani ya damu?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, mwaka wa sita huu nafanya kazi maabara. Mwezi uliopita niliweka slaidi ya damu ya kijana mmoja kwenye hadubini: seli changa zimejaa, na ndani ya baadhi vijiti vyekundu vyembamba kama sindano. Aliyesoma anajua ile ni leukemia kali ya mailoidi, saratani ya damu inayokwenda kasi. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo nasoma tu. Tiba yake ya msingi, dawa za sitarabini siku 7 na daunorubisini siku 3, ni ya tangu miaka ya 1970! Midostaurini, dawa inayolenga jeni la FLT3 lililobadilika, ilipitishwa Marekani 2017. Maabara yetu hata mashine ya kupima jeni hilo hatuna.

Nataka kusoma uzamili wa baiolojia ya molekuli, ada najilipia. Mama watoto anasema tuezeke nyumba kwanza (kweli, mabati tumelipia nusu). Mzee kule Marangu anaona nimerogwa.

Mliopita njia hii: nianze na uzamili, au nitafute kwanza kazi ya msaidizi wa utafiti? Na msimamizi mlimpataje? Nina miaka 34.